Sufuria Iliyokwenda Hotelini

Kama kuna mtu ambaye hajawahi kukaa kitako mpaka kiti kikapata joto, ni huyu tunayemwita Dada Pasi. Nimefanya naye kazi miaka sita kwenye jengo la kufulia nguo za mahoteli, yeye kwenye pasi kubwa ya mvuke, mimi kwenye meza ya kukunjia shuka, na katika miaka yote hiyo nimemwona amekaa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa ameteguka mguu. Mara ya pili ndiyo hii ninayotaka kusimulia, na lawama zake ni zangu mimi.

Chai anakunywa amesimama. Ukimpa habari ya msiba anakusikiliza huku anapangusa meza yako. Msimamizi wetu alishasema siku ile Dada Pasi akitulia, tukaangalie kama umeme umekatika. Mimi si mpole, nina hasira za karibu na ulimi usiojua kupumzika, lakini nikisimama karibu naye watu huniona mtaratibu.

Nyumbani kwake ni vyumba viwili na jiko dogo la kubandika sufuria moja. Ana mabinti wawili. Mkubwa ana miaka kumi, mdogo ana minne na sote tunamwita Kadogo. Baba yao ni dereva wa malori ya safari ndefu. Anakuja nyumbani siku mbili, moja na nusu analala usingizi.

Sasa piga hesabu ya saa. Kazini tunatoka saa kumi na moja na nusu jioni. Dada Pasi akitembea kwa mwendo wake ule wa kufukuzwa, anafika kwake saa kumi na mbili na robo. Awashe jiko, achambue, abandike, asubiri, chakula kinaiva saa mbili usiku. Na Kadogo, kwa sababu huamshwa alfajiri kupelekwa kwa jirani anayemlea mchana, ikifika saa moja kamili amekwisha. Unaweza kumpigia ngoma sikioni, hashtuki. Kila siku chakula kinaiva mlaji amelala.

Dada Pasi alikuwa anamlisha hivyo hivyo, usingizini. Kijiko kinaingia, mdomo unatafuna mara mbili halafu unasahau. Kwenye kadi ya kliniki uzito wa mtoto ulikuwa haujasogea kwa miezi mitatu.

Jioni moja mama mkwe wake alikuja kuwatembelea, akakaa kwenye kiti akaitazama shughuli hiyo mwanzo mpaka mwisho. Hakupaza sauti. Ni mwanamke wa maneno machache, mjane, anaishi peke yake mji wa mbali, safari ya kutwa nzima.

"Mwanangu, sikuja kugombana," alisema. "Lakini mtoto huyu analala njaa. Mwezi ujao ukiisha nitakuja kumchukua, nikae naye kule apate mwili."

"Mama, ni suala la muda tu."

"Ndiyo hilo nasema. Mimi muda ninao."

Mume alipopigiwa simu huko barabarani akajibu kwamba mama yake hajakosea, labda kwa muda tu. Kesho yake Dada Pasi alinieleza yote huku anapiga pasi foronya, na alivyokuwa anaikandamiza ile foronya, ikaungua. "Akiondoka huyu harudi," akaniambia. "Atazoea kule. Siku nikienda kumsalimia ataniita shangazi." Machozi yalikuwa yanamtoka na mkono wake haukusimama.

Basi yakaanza majaribio. Jengo zima la kufulia likageuka mabingwa wa chakula cha jioni, hata wale ambao kwao wanapikiwa. Mmoja akasema pika Jumapili chakula cha wiki nzima. Akapika. Kufika Jumatano kabichi lilikuwa linatoa povu. Mwingine akasema mayai, mayai ni dakika tano. Siku tatu yaliliwa, siku ya nne Kadogo akaona yai na kujiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kupika alfajiri na kuacha, mtoto mkubwa apakue? Alijaribu, wali ukaliwa baridi umeganda mafuta. Kumruhusu binti awashe jiko apashe, hilo hakutaka hata kulisikia, maana mtoto wa nyumba ya tatu aliungua mkono mwaka huo huo.

Ndipo mimi nikatoa ushauri wangu. Nikamwambia atie mchele kwenye chupa ya chai asubuhi, amwagie maji yanayochemka, afunge. Ukaiva kweli. Ila uliiva ukavimba, ukagoma kutoka. Jioni walikaa mama na binti yake mkubwa wanauchokonoa kwa mpini wa kijiko, na Kadogo akalala anawatazama.

Niliposikia nilitaka kujificha. Lakini yeye alikuja asubuhi macho yanang'aa. "Dada, hujaona lakini? Mchele umeiva bila jiko!"

"Umeiva wapi, mbona haukulika?"

"Achana na chupa. Kilichouivisha ni kufungiwa moto ndani." Akageuza shingo akatazama mashine za kukaushia, pale ambapo mablanketi ya hoteli yanatoka yamepata moto mpaka huwezi kuyakumbatia. Nikajua anachofikiria kabla hajakitamka.

Tulikuwa na toroli moja bovu, gurudumu limepinda, halitoki nje ya jengo. Siku iliyofuata alikuja na sufuria. Maharage yalilowekwa usiku, alfajiri yakachemka kwa nguvu robo saa nzima pamoja na kitunguu na nyanya, yakafunikwa kifuniko, sufuria ikaviringishwa taulo nene, ikafungwa kamba. Tukatandika blanketi la moto kwenye toroli bovu, tukailaza sufuria katikati, tukaifukia kwa mablanketi mengine matatu. Mablanketi yalikuwa yale yaliyochakaa, hoteli zilishayakataa, kwa hiyo usiniulize habari za usafi. Saa kumi na moja na nusu tulipofukua, maharage yalikuwa yameiva na sufuria haishikiki kwa mkono mtupu.

Jioni ile Kadogo alikula saa kumi na mbili na nusu. Alikula macho makavu, akauliza maswali, akamwaga, akapigiwa kelele, akaongezwa. Dada Pasi alinieleza kila tonge.

Hatukukawia kumwiga. Mimi nikaleta yangu, mama wa mashine za kufulia akaleta yake, mwishowe zikawa sufuria saba. Msimamizi alisimama akalitazama lile toroli, akasema yeye hajaona kitu. Jumatatu akaja na ya kwake, imeviringishwa kwenye koti lake la zamani. Baada ya wiki tatu kadi ya kliniki ilionyesha Kadogo ameongeza nusu kilo.

Kasoro ilikuwa moja, nayo ni Dada Pasi mwenyewe. Hawezi kuacha kitu kiive. Kila baada ya robo saa anaiacha pasi, anafukua, anafungua kamba, anainua kifuniko.

"Nachungulia tu," anasema.

"Ukichungulia unatoa joto ulilolibeba toka nyumbani! Funika!"

"Nimefunika."

"Umefunika baada ya kuchungulia, we mwanamke!"

Matokeo yake sufuria zetu nyingine zote zilikuwa zinaiva vizuri, ya kwake ndiyo iliyokuwa na maharage yenye ugumu katikati. Siku nyingine Kadogo alikuwa anayatema moja moja na kuyapanga pembeni ya sahani. Mwenye wazo ndiye aliyekuwa anakula kibichi. Jambo hilo lilinikera kuliko lilivyopaswa kunikera.

Ikafika siku yenyewe. Mama mkwe angeingia alasiri, alale usiku mmoja, asubuhi aondoke. Kuondoka na nani, hilo lilitegemea atakachokiona jioni. Dada Pasi alikuja na sufuria ya maharage yenye viazi na karoti. Hakuwa ametulia hata kidogo. Alikuwa anapiga pasi upande mmoja wa shuka mara mbili na kuusahau wa pili. Ilipogonga saa tatu asubuhi alikuwa ameshaifunua sufuria mara nne.

Hasira zikanipanda. Alipokwenda chooni niliichomoa sufuria yake kwenye toroli bovu, nikaizika chini kabisa ya toroli la jirani, lililojaa mablanketi mazima yaliyotoka kwenye mashine dakika ile. Niliamini ni mzigo wa kesho. Aliporudi na kukuta pengo, nikamwambia, "Nimekuhifadhia. Utaipata jioni."

"Iko wapi?"

"Sikuambii. Leo yataiva, utake usitake."

Wote wakacheka. Yeye alizunguka chumba mara mbili kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha akarudi kwenye pasi yake. Na mimi nikajipongeza.

Mchana hoteli moja ilileta vitambaa vya meza vya mkutano wa watu mia tatu, vinatakiwa jioni hiyo hiyo. Tulikunja hatukuinua kichwa. Saa kumi na moja na nusu nilipokwenda kufukua sufuria, mahali pa lile toroli palikuwa sakafu tupu. Mtu alikuwa ameshapafagia.

"Mablanketi yaliyokuwa hapa yako wapi?"

"Gari limeyachukua saa tisa," akajibu msimamizi. "Hoteli wameyataka mapema."

Uongo huwa unanishinda, kwa hiyo nilimwendea Dada Pasi nikamwambia palepale kwamba sufuria imekwenda hotelini na niliyeipeleka ni mimi. Nilingoja anitukane. Afadhali angenitukana. Alifunga kitambaa chake kichwani, akafungua, akakifunga tena.

"Mama atakuwa ameshafika," akasema. "Naenda nyumbani."

"Naifuata sufuria. Nitaileta."

"Saa moja Kadogo analala," akasema, na akatoka.

Hoteli ile iko mwendo wa dakika ishirini. Nilikimbia na aproni kifuani na kandambili miguuni, mwanamke mzima wa umri wangu. Kwenye geti la nyuma nikaiona sufuria yetu kabla sijamwona mlinzi. Ilikuwa imewekwa peke yake katikati ya ua, na taulo lake na kamba yake, imezungushiwa ndoo nne na utepe wa kuzuia watu. Mlinzi alikuwa amesimama mbali kabisa, karibu na ukuta.

"Hiyo ni yangu," nikamwambia huku nahema.

"Ina nini ndani?"

"Maharage."

"Maharage gani yanafungwa kamba na kufichwa kwenye blanketi la wageni?"

"Ya mtoto wa rafiki yangu. Nipe niende, kaka, naomba."

"Ifungue kwanza tuone."

"Siifungui."

"Kwa nini huifungui?"

"Ikifunguliwa sasa hivi imeharibika kila kitu!"

Mlinzi akarudi hatua mbili nyuma. Nikaona nimejitia matatani mwenyewe. Nikaanza kumweleza mtoto, mama mkwe, saa moja, toroli bovu, yote kwa pumzi moja, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunitazama kama mtu wa kushikwa. Wakati huo akatokea mama mmoja mtu mzima mwenye funguo kiunoni, mtunza stoo ya mashuka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauruka ule utepe, akainama na kuweka pua kwenye taulo.

"Kitunguu," akasema. "Nyanya. Karoti pia mmeweka?"

"Tumeweka, mama."

"Mimi mwenyewe natoka saa mbili usiku, wangu wanalala na chai." Akaikumbatia sufuria, akanikabidhi mkononi. "Kimbia mtoto asilale. Na wewe baba, fungua geti." Mlinzi akafungua.

Toka hotelini mpaka kwa Dada Pasi sikukimbia, niliogopa kumwaga. Nilitembea kwa mwendo wake yeye. Kifua kilikuwa kinauma, na moyoni nilikuwa najilaani, maana nilijua kabisa kwamba mtoto wa watu akichukuliwa, itakuwa ni kwa sababu nilitaka kumfundisha mtu mzima kutulia.

Saa moja kasoro dakika nane nikasukuma mlango. Jiko halikuwa limewashwa. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti, mkoba magotini, na juu ya mkoba kimejitokeza kisweta kipya cha mtoto. Na Dada Pasi alikuwa amekaa. Amekaa chini kwenye mkeka, mgongo ukutani, Kadogo mapajani, binti mkubwa ubavuni. Hakuwa anapangusa kitu wala kukunja kitu. Baadaye alinieleza hesabu yake: kama angewasha jiko, Kadogo angelala mama yake akiwa amempa mgongo. Akaamua kumshika asilale mpaka mimi nifike au nisifike.

"Kwenye sufuria kuna nini tena?" alikuwa anamuuliza.

"Kiazi," akajibu Kadogo, jicho moja limeshafumba.

"Viazi vingapi?"

"Vitano."

"Na nini kingine? Niangalie. Na nini kingine?"

"Hodi!" nikasema, nimeshaingia.

Niliiweka sufuria chini, nikakata kamba kwa meno. Dada Pasi alinyoosha mkono kwenye kifuniko, akaurudisha, akaniambia, "Funua wewe." Nikafunua. Mvuke ulipanda mpaka ukatuficha nyuso. Saa kumi na mbili zilikuwa zimepita tangu ilipotoka jikoni, na toka saa tatu asubuhi hakuna aliyekuwa amekigusa kifuniko. Maharage yalikuwa laini kabisa, viazi vizima, mchuzi mzito. Hajawahi kupika vizuri hivyo maishani mwake, na ninasema hivyo mbele yake.

Kadogo alizinduka kwa harufu. Alikula sahani mbili, na hakutema hata harage moja. Nilikuwa nimeshajikaribisha na kukaa, nawatazama. Mama mkwe naye alipakuliwa. Alikula ya kwanza kimya, akakubali ya pili, ya tatu akaisogeza mwenyewe. Alikuwa anakula haraka, ameinama.

Kadogo akamkazia macho. "Bibi, kwako mnakula saa ngapi?"

Kijiko cha yule mama kikasimama.

"Nikikumbuka," akasema.

"Ukikumbuka nini?"

"Nikikumbuka kula, mjukuu wangu. Nani wa kumbandikia sufuria nzima, niko peke yangu? Nakunywa chai na mkate nalala." Akafikiri kidogo. "Na mkate wenyewe wa juzi."

Niliona aibu mpaka nikatazama chini. Mwezi mzima tulikuwa tunamsema kazini kama mkaguzi, nami ndiye niliyemsema zaidi. Dada Pasi akanyanyuka, akachukua sahani ya mama mkwe wake, akakwangua sufuria, akampa yote yaliyobaki. Kisweta alikitoa kwenye mkoba bila kuuliza, akakipima mgongoni kwa Kadogo, akakitundika kwenye msumari wa nguo za watoto. Bibi aliangalia, akaendelea kula.

Asubuhi Dada Pasi na mama mkwe wake walipita kazini kwetu njiani kuelekea kituo cha mabasi, Kadogo ameshaachwa kwa jirani kama kawaida. Nilikuwa getini. Mama mkwe alikuwa na mkoba ule ule, lakini sasa umetuna kwa sufuria iliyoviringishwa taulo na kufungwa kamba, na juu yake moja ya yale mablanketi yaliyochakaa, ambalo msimamizi alisema hajaliona likitoka. Ndani kulikuwa na wali na dengu, umechemka alfajiri.

"Mama, usifunue njiani," Dada Pasi alikuwa anamwambia. "Mpaka ufike."

"Hata kuchungulia?"

"Hata kuchungulia, mama. Ukichungulia unatoa joto."

Nilikohoa. Hakunigeukia.

Siku hiyo hakuigusa sufuria yake hata mara moja. Badala yake alikuwa ananijia mimi mezani, kila robo saa. "Unadhani kafunua?" Nikamwambia hajafunua. "Basi likikaa juani je?" Nikamwambia rudi kwenye pasi. "Na kama atasahau kuwa anayo?" Hapo nikamsukuma mwenyewe mpaka kwenye pasi yake.

Jioni tulitoka pamoja, kila mtu na sufuria yake kifuani, yeye mbele, mimi namkimbilia. Tulikuwa hatujafika kona ya mtaa wake simu ikaita. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi. Akasimama katikati ya njia na kuniwekea sufuria yake juu ya yangu ili apokee. Alisikiliza, akaitikia ndiyo, ndiyo mama, akaikata.

"Anasemaje?" nikauliza. "Imeiva?"

"Amenipa salamu za kumpa Kadogo." Alikuwa ameshaanza kutembea, mbio mbio, sufuria ameniachia zote mbili. "Anasema nimwambie, bibi leo amekumbuka."